Tano Tisa kutoka Kisiwa cha Fisi Maji

Melkioru tumemzika wiki iliyopita, na siku zote za matanga nimezipitisha jikoni kwake Nyakabiga, nikimenya vitunguu na mjane wake, Mama Goreti. Nyumba haijabadilika. Sebule ni ile ile, ukuta wa kijani hadi kiunoni na mweupe juu, viti vya mbao vyenye mito iliyolika, na pale kona ya dirishani meza ndogo yenye mashine yake ya redio, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama wengine wanavyofunika televisheni. Siku moja katikati ya matanga Mama Goreti aliniambia kwamba kazi ya ile kona ni yangu. Sisi watu wa redio tuna desturi yetu: mwenzetu akifa, mmoja aliyemjua anawasha mashine, anamwita mara moja kama vile yupo, anamwachia nafasi ya kujibu, halafu anafunga. Padri alishafanya ya kwake, imebaki ya kwangu. Nikamwambia nitafanya, ila nimalize vitunguu kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Melkioru ndiye aliyeninyima redio mwaka ule nilipotaka kwenda kukaa peke yangu kisiwani, na pale jikoni, kisu mkononi, mwaka ule wote ulinirudia bila kuitwa.

Watu wa Bujumbura wa rika langu ukiwaambia mwaka wa ambargo hawakuulizi ni upi. Majirani walikuwa wametufungia mipaka, petroli inauzwa kwa chupa za bia kando ya barabara, sukari imekuwa hadithi, na kabla ya giza kila mtu yuko ndani kwake kwa sababu ya amri ya kutotembea. Mimi nilikuwa msichana, karani wa redio katika ofisi ya meli za mizigo bandarini, upande ule unaopakana na Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Kazi yangu ilikuwa kuongea na meli zikiwa ziwani, zile za Kigoma, za Kalemie, za Mpulungu. Kapiteni anasema yuko wapi na maji yakoje, nami nawaambia wakubwa. Aliyenifundisha kazi hiyo ni Melkioru, fundi wa redio wa ofisi, Mkristo wa Nyakabiga, mtu mrefu mwenye shati la mikono mifupi lililopigwa pasi hata wakati mkaa wa kupikia ulikuwa wa kutafuta. Mimi ni Mwislamu wa Buyenzi. Miaka ile ya vita watu walikuwa wamegawana mitaa, na nyumbani kwake mimi sikufika tena, wala yeye kwangu. Lakini ofisini tulikaa meza moja na mchana tulikula pamoja, yeye kaleta maharage kwenye kisufuria chenye mfuniko, mimi nimeleta chapati. Ambargo ilipokuja meli zilisimama. Redio ikabaki inakoroma siku nzima, nasi tumeikalia kama watu waliokalia mgonjwa.

Mwanzoni mwa mwaka huo kaka yangu Yusufu, dereva wa lori, aliuawa kwenye barabara ya kupanda milimani, yeye na tandiboi wake. Nalisema kwa kifupi kwa sababu ndivyo nilivyolisema wakati ule. Aliletwa, akazikwa siku hiyo hiyo, na kwenye matanga ya kaka yangu mwenyewe mimi ndiye niliyegawa chai. Mtu akiniambia pole, nasema asante. Akiniuliza habari, nasema nzuri. Sikulia. Si kwamba nilijizuia, hapana, hakukuwa na kitu cha kuzuia. Ilikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: unajua liko pale, unaligusa kwa ulimi, halikuambii kitu. Matanga yalipokwisha nilirudi kazini, nikaikuta redio haina meli, nikakaa.

Nje ya kazi Melkioru alikuwa na redio nyingine, ya mapenzi yake. Duniani kuna watu waliotawanyika kila nchi ambao wana kibali cha kurusha sauti zao hewani bila mshahara wala biashara, kwa raha tu, na kila mmoja ana herufi zake alizopewa na serikali, ndizo jina lake hewani. Melkioru alikuwa mmoja wao, na mimi aliniombea kibali changu kabla mambo hayajaharibika kabisa. Vita vilipokuja hakuna aliyekumbuka kutunyang'anya, nasi hatukuwakumbusha. Tulijichunga. Waya wa antena yake ulipita uani kama kamba ya kuanikia nguo, na Mama Goreti aliuanikia kweli, mashati na mashuka; askari wa doria walipita chini yake wakiinamisha vichwa wasiguswe na nguo mbichi. Na hewani tuliongea mambo matatu: hali ya hewa, mashine na antena. Siasa hapana, vita hapana, jina la aliyekufa hapana. Hiyo ni kanuni ya watu wetu popote walipo, ila kwetu ilikuwa pia namna ya kuendelea kulala kwenye kitanda chako.

Salamu yetu ni namba. Ukikutana na mtu hewani unampa namba mbili. Ya kwanza ni jinsi maneno yake yanavyoeleweka, na mwisho wake ni tano. Ya pili ni nguvu ya sauti yake, mwisho tisa. Tano tisa maana yake nakusikia kama uko hapa chumbani. Lakini kuna desturi moja ambayo kila mtu wa redio anaijua: ukiwa mahali pa nadra, pale ambapo dunia nzima inakutafuta, unampa kila mtu tano tisa. Hata yule anayesikika kama mbu ndani ya chupa. Foleni ni ndefu, huna muda wa kupima. Tano tisa, asante, anayefuata. Anayepewa anajua si kweli, anayetoa anajua si kweli, na wote wanaenda kulala wameridhika. Mwaka ule niliiona desturi hiyo kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyangu. Nilianza kuitumia kimoyomoyo hata sokoni. Zaituni, habari za nyumbani? Tano tisa, asante, anayefuata.

Habari za kisiwa zililetwa na Kapiteni Sefu, mtu wa Kigoma aliyekwama bandarini na meli yake, ambaye kila siku alikuja ofisini kutumalizia chai. Siku hiyo alikuwa anamsimulia Melkioru, nami nilisikia tu kwa kuwa nina masikio. Kusini kabisa mwa ziwa, alisema, kwenye maji ya Zambia, kuna kisiwa cha mawe na vichaka ambacho mabaharia wanakiita Kisiwa cha Fisi Maji, maana hao ndio wenye mji. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hata wavuvi wanalala hapo dhoruba ikiwabana tu. Melkioru akacheka, akasema hakuna mtu aliyewahi kurusha sauti kutoka jiwe kama hilo, na atakayetokea huko hewani dunia itampangia foleni mpaka achoke. Wakaendelea na mambo ya bei ya mafuta. Mimi nilibaki kwenye ile foleni. Watu wa kila nchi wanataka kuongea nami, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza kuhusu Yusufu.

Nilikuwa na chumba cha uani kwa Mama Hadija, mama wa makamo aliyeuza chapati na chai ya tangawizi mlangoni kwake, na katika chumba hicho nilianza kuipanga safari kama bibi harusi anayepanga vyombo. Chini ya kitanda kulikuwa na betri ya akiba ya lori, Yusufu alinipa nimtunzie. Hiyo ndiyo ingeendesha redio. Nilinunua sahani ya jua iliyopasuka kona moja, ya kuchajia betri hiyo. Niliokota waya wa shaba kwenye majaa ya viwanda, nikaunyoosha nikiufunga kwenye nguzo ya mlango na kuuvuta kwa uzito wa mwili wangu. Mianzi ya kusimamishia antena niliileta kutoka Buterere, nikitembea kando ya mashamba ya mpunga nayo begani, na askari wa kizuizi cha barabarani aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ya kuchokolea mapapai, akaniruhusu. Ndagala kavu, ndio dagaa wa kwetu, unga wa muhogo, chumvi, kwinini. Nilifanya hata mazoezi ya kula peke yangu. Badala ya kukaa mkekani na Mama Hadija na wenzake nilifunga mlango, nikapika ndagala kwenye jiko la makopo, nikala nimetazama ukuta, na nikaona naweza. Sikuwa na furaha wala huzuni. Nilikuwa na shughuli.

Ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa wa mabati, na bati halifichi siri. Asubuhi moja wanakanda unga wa chapati nikamsikia Mama Hadija akimwambia jirani yake kwamba tangu kaka yake afe, ule mutoto hajalia hata siku moja, na sasa amejaza chumba mianzi na waya. Jirani akasema labda ana moyo mugumu, wengine ndivyo wameumbwa. Mama Hadija akasema apana, we humujui, huyu alikuwa analia hata kuku akichinjwa. Jirani akauliza kama chumvi imetosha. Nilikaa kitandani nikisikia mikono yao ikipiga unga, na nilikuwa nafikiria kama kamba za mianzi zitastahimili upepo wa kusini.

Vitu viwili sikuwa navyo: meli, na mashine ya kurushia. Kapiteni Sefu alikuwa anasubiri ruhusa ya kuondoka kwenda kusini, akasema atanishusha kisiwani na kunichukua akirudi. Atarudi lini, hakujua, na mimi sikumuuliza. Melkioru alikuwa anatusikiliza, na aliona kwamba sikumuuliza. Mashine ilikuwa yake, ile ndogo inayokubali betri ya gari, hakuna nyingine mjini ambayo ningeweza kuibeba. Nilipomwomba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema mtu anayekwenda peke yake hufanya jaribio kwanza: nikae mahali peke yangu na vyombo vyangu vyote, nifungue hewa, nishughulike na foleni bila msaada wa mtu. Tuone.

Jaribio nilifanya Jumamosi mchana katika godauni moja la Zone Industrielle ambalo ambargo ilikuwa imelikausha. Lilinuka saruji na ngozi mbichi, na sakafuni kulikuwa na alama za magunia ambayo hayakuwepo tena. Nilisimamisha mianzi nje, nikaunganisha betri ya Yusufu na mashine ndogo ya Melkioru, aliyoniazima kwa siku hiyo tu, nikasema herufi zangu mara moja. Sikuhitaji kisiwa. Burundi yenyewe mwaka ule ilikuwa kisiwa. Hakuna aliyeisikia hewani kwa muda mrefu. Walinimiminikia. Waitaliano, Wajapani, Wabrazili, wote wanapiga kelele herufi zao kwa pamoja, nami nachomoa moja kati ya nyingi kama unavyochagua mawe kwenye mchele. Tano tisa, asante, anayefuata. Tano tisa, asante, anayefuata. Mchana mzima hakuna aliyeniuliza kitu, na nilipozima, sauti yangu ikiwa imekauka, nilijiona niko tayari. Nilijisikia vizuri, au tuseme sikujisikia.

Jumatatu, tulipokaa kula, Melkioru alitoa balbu mfukoni, balbu ya kawaida ya nyumbani, akaiweka mezani kati ya maharage na chapati. Nilidhani ameileta kwa ajili ya taa ya ofisi.

"Jumamosi nilikuita," alisema.

Nikamwambia sikumsikia, hakuwepo.

"Nilikuwepo. Baada ya yule Mutaliani wa sauti nene. Nilitoa antena kwenye mashine yangu ya nyumbani nikafunga hii balbu mahali pake. Nikiongea, nguvu yote inaishia humu, inawaka kidogo, basi. Kilichofika kwako ni makombo. Na we ukanijibu tano tisa, asante, anayefuata. Herufi ulizozitaja hazikuwa hata zangu, Zaituni. Ulizibuni."

Nilimwambia ukweli wangu, kwamba ndiyo desturi, kila mtu anafanya hivyo, yeye mwenyewe alinifundisha. Akakubali. Kwa Mjapani ambaye hatutamwona maisha yetu yote, alisema, haina neno. Halafu akasukuma balbu pembeni.

"Lakini kule kisiwani mi ndiye mutu wako wa huku. Siku ukipata homa, nikikuuliza unaendeleaje, utaniambia nini?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kweli, nikamtazama usoni, na kilichotoka kinywani ni kile kile.

"Tano tisa, Baba Goreti."

Alifunika kisufuria chake, na maharage bado yako nusu. Akasema basi mashine sikupi. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Nilimkasirikia, ingawa hasira yenyewe ilikuwa imepoa kama chai iliyosahauliwa. Nani amemfanya baba yangu? Ana mke, ana watoto, ana antena yenye mashuka, anajua nini? Niliacha kumletea chapati. Nilikula nimeupa uso ukuta, hali mazoezi nilikuwa nayo tayari, naye alikula maharage matupu bila kulalamika, na redio ikakoroma katikati yetu. Wakati mwingine niliiona ile balbu kwenye droo yake wazi. Nilijaribu kumchukia nayo, nikashindwa hata hilo. Nilichokuwa nakiwaza ni sauti yake ikija kwangu kutoka Nyakabiga, mwendo ambao kabla ya vita mtu angeutembea akienda kuazima chumvi, nami nikaipitisha na kumwita anayefuata. Kisha Kapiteni Sefu akaja na habari kwamba ruhusa imetoka, anang'oa nanga Ijumaa. Akaniuliza kama mizigo yangu iko tayari. Nikamwambia iko tayari, imebaki kitu kimoja.

Siku iliyofuata Melkioru aliondoka mapema kuwahi vizuizi, nami nikabaki ofisini na jua la jioni linaingia mpaka chini ya meza. Nilijua akifika nyumbani anawasha mashine kabla hata ya kuvua viatu. Nikageuza redio ya ofisi, nikamwita kwa herufi zake, na akajibu papo hapo, safi, antena ikiwa mahali pake; nilisikia hata kuku wa uani. Akaniuliza anavyouliza siku zote, unanisikiaje. Vitu vya kuongea hewani mnavijua: hali ya hewa, mashine na antena. Nilikuwa na neno la kumwambia na sikuwa na ruhusa ya kulitaja kwa jina lake. Basi nililisema kwa lugha ya kazi, na yeyote aliyekuwa anatusikiliza alisikia mafundi wawili.

"Wewe ni tano tisa ya kweli. Lakini mashine ya huku haipokei, Mzee. Watu wananiita, naona sindano ya kipimo inapanda, sisikii kitu. Ni mbili moja. Siku nyingine ni moja moja."

Nikaachia kitufe, nikasubiri.

"Nimepokea. Ilianza lini?"

"Ilipokatika ile laini ya milimani."

"Kuna fundi ameiona?"

"Apana. Sijamuonyesha mutu."

Nilisikia kuku, nikasikia mlango, nikasikia akimwambia mtu anyamaze. Kisha akasema polepole, kwa sauti ile aliyotumia kunifundisha kazi, kwamba nisiizime. Mashine ya namna hiyo hairudi kwa kupigapiga, alisema, iache iwake hivyo hivyo, na kila jioni uniambie namba yake. Nikasema nimepokea.

Asubuhi yake aliingia ofisini na ile mashine ndogo imefungwa ndani ya kitenge cha Mama Goreti, akaiweka mbele yangu pamoja na balbu. Sasa unaweza kwenda, alisema, namba mbaya inanitosha, mradi ni ya kweli. Mchana nikamletea chapati, tukala bila kulizungumzia tena.

Ijumaa nilimlipa mtu wa mkokoteni, tukapakia mianzi, sahani ya jua, ndagala, mashine na betri, tukashuka bandarini. Kapiteni Sefu alikuwa amesimama gatini na birika lake la chai mkononi, kitu pekee alichoruhusiwa kushuka nacho. Jeshi lilikuwa limechukua meli. Wanajeshi walikuwa wanapanda kwa mstari, na masanduku yao, kwenda kusini kwa kazi zao. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetoa sababu, wala sisi hatukuomba. Kapiteni alinitazama, akatazama mianzi yangu, akasema pole binti. Nikafungua mdomo kusema asante, haikutoka. Nikakaa juu ya betri ya Yusufu pale gatini, na hapo ikaniuma. Iliniuma kwenye kifua, mahali pale hasa, kama mtu kanipiga ngumi. Nilishangaa. Mwaka mzima nilikuwa sijui maumivu yako upande gani, na sasa yanakuja kwa ajili ya jiwe lenye fisi maji ambalo sijawahi hata kuliona.

Mwenye mkokoteni alinirudisha Buyenzi bila kunisemesha. Mama Hadija alikuwa mlangoni na kikaango chake, anageuza chapati, na akaniuliza anavyoniuliza kila siku, hata hainui macho.

"Vipi, Zaituni?"

"Mbaya, Mama."

Mkono wake ulisimama.

"Sema tena."

"Mbaya sana. Meli wameichukua. Na Yusufu waliniulia, Mama, kaka yangu waliniulia."

Aliinuka, akaniwahi kabla sijafika chini, na tukakaa wote wawili mchangani kando ya jiko, mimi nalia, naye analia kwa sauti kunizidi, akimtaja Yusufu kwa jina, jinsi alivyokuwa anasimamisha lori pale na kula chapati akiwa bado kwenye usukani. Chapati ikaungua. Wanawake wa uani wakatoka, yule jirani aliyesema nina moyo mgumu akiwa wa kwanza, na hakuna aliyeuliza kuna nini. Wakatandika mikeka. Matanga ya Yusufu yakaanza tena, miezi mingi baada ya matanga, na safari hii chai aligawa mtu mwingine. Walikuwa wananisubiri muda wote ule. Mimi nilidhani nimewaficha.

Kisiwani sijafika mpaka leo. Meli zilirudi ziwani, Kapiteni Sefu akaniambia kwa redio siku moja kwamba amepita karibu, na fisi maji wananisalimia, na sikuwa na hamu tena. Mianzi iliishia kuwa uzio wa kuku wa Mama Hadija. Balbu nilimrudishia Melkioru, mashine ndogo akaniachia. Lakini ile kazi ya kila jioni na Melkioru hatukuiacha. Miaka yote ya vita, kabla ya giza, yeye Nyakabiga na mimi Buyenzi, tulipeana namba za kweli. Nne saba. Tatu mbili. Siku mabomu yalipopita juu ya mji alinipa moja moja, na nilimwelewa. Amani ilipokuja na simu za mkononi zikaja, tuliendelea hivyo hivyo kwa simu, watoto wake wakitucheka. Mwezi uliopita nilimpigia hospitali nikamuuliza unanisikiaje, akasema mbili moja, Zaituni. Nikavaa viatu nikaenda. Nilimkuta bado ana akili zake zote, na tulikaa mchana mzima tukiongea hali ya hewa.

Vitunguu viliisha. Nikanawa mikono, nikaenda sebuleni, nikaondoa kitambaa cha kufuma. Waya wa uani ulikatika miaka mingi nyuma na Melkioru hakuwa tena na nguvu za kupanda kuurudisha. Nyuma ya mashine, mahali pa antena, nilikuta balbu. Goreti, binti yake, aliniambia kwamba siku za mwisho kabla ya hospitali baba yao alikuwa anakaa hapo, anabonyeza, anaongea kidogo, anaiangalia inavyowaka. Nikavuta kiti. Nikabonyeza, nikamwita kwa herufi zake, na balbu ikawaka kwa sauti yangu, njano hafifu, ikipanda na kushuka na maneno. Sauti hiyo haikufika hata barabarani. Nikaachia, ikazimika, nikamwachia nafasi ya kujibu.

Kwenye namba zetu hakuna sifuri. Ya chini kabisa ni moja moja, kwa sababu mtu usiyemsikia huna cha kumpa. Desturi inataka useme asante na ufunge. Nikabonyeza tena.

"Sikusikii, Baba Goreti," nikasema. "Sikusikii kabisa."

Balbu ikawaka kwa hayo, ikazimika. Nyuma yangu Mama Goreti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anafuta mikono kwenye kitenge.

"Vipi, Zaituni?"

"Mbaya," nikamwambia, naye akavuta kiti, akakaa.